Kaseti Arobaini na Mbili za Mzee Sayari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni Jumapili, saa tisa alasiri, na mko na mimi yuleyule mliyemzoea. Leo sina muziki wa kufungulia. Nimekuja na mtu mmoja wa kumkumbuka, na kuna jambo juu yake ambalo ningependa mno lisemwe na mtu mwingine. Lakini aliyelifanya ni mimi, kwa hiyo nitalisema mimi.

Aliyetutoka ni fundi wa lifti. Amefariki wiki tatu zilizopita kwa maradhi ya mapafu, akiwa na miaka sitini na tisa. Ameacha mke na binti mmoja. Kwa miaka thelathini alitunza lifti za majengo tisa ya mjini, likiwemo jengo hili letu la redio. Wengi wenu hamkulijua jina lake. Mlimjua kama Mzee Sayari. Lakabu hiyo nilimpa mimi, hapahapa, kwenye maikrofoni hii.

Nilikutana naye siku niliyokwama ndani ya lifti yetu, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Tulikuwa watatu. Mimi, mhasibu wetu, na mama wa usafi aliyekuwa na ndoo mbili za maji. Mhasibu alianza kutokwa na jasho kabla hata hatujajua tumekwama. Akalegeza tai, akavua viatu, akaanza kutuagiza mambo ya watoto wake. Mara tukasikia sauti kutoka juu, kwenye chumba cha mitambo, ikiuliza tuko wangapi. Tukajibu. Ikasema poleni, itachukua dakika arobaini, na tafadhali asiruke mtu.

Kisha sauti ikaendelea. "Nyinyi mna dakika arobaini tu," ikasema. "Kuna watu walipanda chombo wakijua hawatashuka wao, wala watoto wao, wala wajukuu wao. Niwahadithie?"

Mhasibu akasema hataki hadithi, anataka kushuka. Fundi akahadithia hivyohivyo, huku tukisikia spana yake ikigonga chuma. Alitueleza habari za chombo kikubwa cha angani kilichoondoka duniani kwenda kwenye nyota ya mbali, safari ya vizazi saba. Alipofika mahali ambapo watu wanaelea hewani, mhasibu akauliza kuelea ni kuelea vipi. Fundi akamwambia, "Unaijua ile dakika lifti inapoanza kushuka, tumbo likabaki ghorofa ya juu? Basi, wao matumbo yao yalibaki huko miaka." Mhasibu akacheka. Akavaa viatu vyake.

Mlango ulipofunguka, mama wa usafi aligoma kutoka mpaka aambiwe kama mke wa nahodha alipanda au alibaki.

Hadithi ile aliitoa kwenye riwaya saba za sayansi zinazofuatana, zinazoitwa Njia ya Vizazi. Ni vitabu vya zamani, vya lugha ya kigeni. Alivinunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vya mitumba. Kati ya cha nne na cha tano alisubiri miaka sita, kwa sababu cha tano hakikuonekana popote. Na ile lugha ya kigeni hakujifunza darasani. Alijifunza kwenye vitabu vya maelekezo ya lifti. Binti yake ananiambia ndiyo maana baba yake alipoizungumza alikuwa kama anaonya watu wasisimame mlangoni.

Sasa mimi, wasikilizaji wapendwa, nilipotoka kwenye lifti ile nilikwenda moja kwa moja hewani. Na badala ya kumshukuru mtu aliyetutoa, nikamfanya kichekesho. Nikasema jengo letu lina fundi ambaye lifti yake haifiki ghorofa ya nne lakini yeye mwenyewe keshafika kwenye nyota. Nikamwita Mzee Sayari. Mkapiga simu, mkavunjika mbavu. Kesho yake nikaongeza chumvi. Kwa wiki nzima nilimla mtu yule kama karanga.

Ile lakabu ikamfuata. Wakaichukua walinzi, wakaichukua wauza magazeti, wakaichukua watoto wa mtaani kwake. Siku moja alinisubiri chini, kwenye ukumbi, amevaa ovaroli lake la kijivu lenye madoa ya grisi magotini. Nikajua sasa nimekwisha. Lakini hakuja kugomba. Alinishika mkono, akaniambia kwamba kwa kuwa watu wameonekana kuzipenda zile habari, je, redio haiwezi kuwasomea vitabu vile? Vyote saba, kidogo kidogo, kwa Kiswahili?

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Virekodi utuletee, mzee. Tutavirusha." Sentensi moja. Nilikuwa namkwepa, ile danganya toto tunayoijua sote. Yeye akaichukua kama ilivyo. Akaniambia, "Sawa, mwanangu. Nipe muda."

Akachukua miaka minne.

Narudia, ili isipite. Miaka minne. Kila Jumapili mchana, chumbani kwake, mablanketi mawili yametundikwa dirishani ili makelele ya barabara yasiingie, kinasa sauti kimewekwa juu ya mto ili kisitetemeke. Kitabu mkononi, anakitazama kwa lugha ya kigeni, kinywani kinatoka Kiswahili. Hakuandika tafsiri popote. Aliifanya kichwani, papo kwa papo, na akikosea alirudisha kaseti nyuma na kuanza ukurasa upya. Mkewe ananiambia kuna ukurasa mmoja wa kitabu cha pili uliomchukua Jumapili tatu, kwa sababu alikuwa anatafuta neno la kitu ambacho sisi hatuna.

Alizileta ndani ya sanduku lake la vifaa. Spana alikuwa amezitoa. Kaseti arobaini na mbili. Za saa moja moja, sita kwa kila kitabu. Kila moja ina lebo aliyoiandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa zilizosimama wima. Kitabu cha Kwanza, Kaseti ya Kwanza. Na kuendelea.

Nikamuuliza kama amebaki na nakala. Akanishangaa. Akasema, "Nakala ya nini? Redioni si ndiko sauti zinakotunzwa?"

Nikasema ndiyo. Nikazifungia kwenye kabati langu.

Mliowahi kufanya kazi redioni enzi za kaseti mtakumbuka jinsi tulivyokuwa. Kaseti tupu zilikuwa adimu. Ofisi ya vifaa ilikupa mbili kwa mwezi, na hizo uzililie. Mtu akibanwa na mahojiano, anafungua kabati lolote, anachukua kaseti yoyote, anarekodi juu ya kilichokuwemo. Tuliita kuosha kaseti. Tuliosha hotuba, tuliosha kwaya, tuliosha mechi. Sote tulifanya, na hakuna aliyekuwa na haya.

Ya kwanza niliiosha mwezi ule ule alioleta. Kulikuwa na mkutano wa bei ya sukari na sikuwa na kaseti. Nikachukua moja ya katikati, nikijiambia hii moja haitamwua mtu. Nikakata lebo yake kwa mstari, juu yake nikaandika Sukari. Wiki iliyofuata nikachukua ya pili. Baadaye sikujiambia chochote. Ndani ya mwaka na nusu zote arobaini na mbili zilikwisha. Hakuna mwenzangu aliyegusa hata moja. Ni mkono wangu.

Na sikuwa nimesikiliza. Hilo ndilo linaloniuma hasa. Sikukaa nikasikiliza hata kaseti moja kabla ya kuiosha.

Baada ya hapo nilikuwa nikikutana naye kila mwezi akija kukagua lifti. Hakunibana. Aliuliza kwa adabu, akiwa anafuta mikono kwenye kitambaa. "Zile habari zetu, mwanangu?" Nami nikamjibu kwa macho makavu, "Ziko kwenye foleni, mzee." Naye, "Sawa. Wale wa kwenye kitabu walisubiri zaidi." Anacheka, anapanda juu kwenye mitambo yake. Nilianza kutumia ngazi. Ghorofa sita, na goti langu hili bovu. Wenzangu wakadhani nafanya mazoezi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda kwa miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja nilimwambia foleni, na foleni haikuwepo.

Siku nne baada ya maziko, mkewe alikuja hapa ofisini pamoja na binti yao. Binti anafanya kazi maabara, ni mtu wa maneno machache. Mama akakaa, akapangusa uso, akaniambia hakuja kulalamika. Alijua redio ina mambo mengi. Alitaka kitu kimoja. Nyumbani wana picha za marehemu, wana nguo zake, wana miwani yake. Sauti hawana. Kaseti zote alizileta kwetu. Akaomba azisikilize, au walau atengenezewe nakala.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema kaseti ziko stoo ya zamani, mnipe wiki moja nizitafute. Nilimdanganya mjane aliyevaa nguo za msiba, ananitazama usoni.

Mama akashukuru. Kisha akatoa mfuko wa sokoni, akaweka mezani vitabu saba. Akasema, "Chukua hivi, ujue unachokitafuta."

Nikaenda navyo nyumbani. Lugha ile naijua ya kuungaunga, lakini nilivisoma. Kwa mara ya kwanza nilivisoma, wasikilizaji wapendwa, nikiwa nimeshaua tafsiri yake. Na ninataka niwaambie kilichomo, kwa sababu hili ndilo jambo pekee ninaloweza kumfanyia.

Watu wengi wakisikia riwaya za sayansi wanadhani ni habari za watoto, za mizinga ya mwanga na viumbe wenye macho matatu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwenye vitabu hivi saba hakuna kiumbe hata mmoja wa ajabu. Wapo watu tu, ndani ya chombo, na swali moja gumu. Utaishije vizuri katika safari ambayo hukuianza na hutaimaliza? Kitabu cha kwanza kina walioondoka duniani wakiitazama kwa macho yao. Cha saba kina wanaofika. Katikati kuna watu waliozaliwa njiani na watafia njiani, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda.

Kitabu cha nne ndicho wasomaji wengi hukiruka. Hakina vita, hakina ajali. Kina mwanamke mmoja anayesafisha vichujio vya hewa. Anavisafisha kwa miaka arobaini na moja. Watu wanavuta hewa safi na hakuna anayejiuliza inatoka wapi. Nilipokifungua niliona aya nzima pembeni zimewekewa alama ya kalamu ya bluu. Fundi alikuwa amekisoma mara nyingi mpaka kurasa zimelegea. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini. Lifti inapofanya kazi, nani huwa anamfikiria fundi?

Na ukifika cha saba, wale walioteremka kwenye sayari mpya wanagombania nani alale wapi. Jina la yule mama wa vichujio hawalijui. Hawajawahi kulisikia. Aliyetoka naye mpaka pale ni wewe uliyesoma, peke yako. Nilifunga kitabu nikalia, nami si mtu wa kulia. Vitabu vingine vinakupa shujaa umsifu. Hivi vinakupa mtu wa kumkumbuka, halafu vinakuonyesha kwamba wenzake wote wamemsahau, ukatazama mtaani kwako na kuona aibu. Ndiyo sababu nasema visomwe. Anayeijua lugha ile asisite. Asiyeijua alikuwa na fundi mmoja aliyemtafsiria kwa miaka minne, na mimi nikaiosha kazi hiyo kwa mambo ya sukari.

Nikarudi stoo. Nilijua hakuna kitu, lakini nilipekua. Siku tatu nilikaa sakafuni na kinasa sauti cha zamani, nikisikiliza kaseti moja baada ya nyingine. Mikutano, mechi, mimi, mimi tena, mimi nikicheka na maofisa wasiokumbukwa tena na mtu. Sikujua kama naipenda sauti yangu kiasi kile mpaka nilipoichoka.

Siku ya tatu niliiweka ile ya sukari. Mkutano ulikwisha, nikajisikia nikiaga, kikalia kitufe. Kisha kwenye ile sehemu ya mwisho ambayo sikuwa nimeifikia kurekodi, akatokea yeye.

Dakika nne. Kati ya saa arobaini na mbili, zimebaki dakika nne.

Nikawaita. Mama na binti wakaja, tukakaa kwenye studio ndogo. Safari hii nilisema kabla hawajakaa sawa. Nilisema kwamba kaseti hazikupotea, nilizifuta. Zote, mimi, kwa mkono wangu, kabla hata miaka miwili haijaisha. Kwamba foleni ilikuwa uongo. Kwamba wiki iliyopita niliwadanganya tena. Binti akatazama chini. Mama akaweka mikono juu ya mkoba.

Halafu akasema, taratibu tu, "Kila Jumapili saa tisa alikuwa anawasha redio. Kila Jumapili. Nikimwambia twende kwa dada yangu, ananiambia ngoja kwanza, huenda leo wakaanza."

Nikawawekea kaseti. Ilibidi kwanza wanisikie mimi nikiaga watu wa sukari. Kisha kikalia kitufe, na fundi akaanza kusoma. Ni kitabu cha nne, pale yule mama wa vichujio anapougua. Alisoma hivi: "Siku ya tatu watu wakaanza kuumwa na kichwa. Mmoja akasema ni chakula. Mwingine akasema ni uzee. Hakuna aliyeuliza mama wa vichujio yuko wapi." Anasoma polepole, sauti nzito, kila neno amelipa nafasi yake. Karibu na mwisho anasita. Sauti inashuka, si ya kusomea tena, ni ya nyumbani. Anasema, "Geuza, mama. Polepole." Inasikika karatasi. Kaseti inaisha.

Binti akaweka kiganja mdomoni. Akasema, "Huyo anayegeuza ni mimi." Alikuwa na miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kugeuza kurasa zisilie, na alikuwa haruhusiwi hata kukohoa. Alikuwa ameisahau kazi ile. Akaomba tuirudie, tukairudia mara tano, na kila mara mama alifumba macho pale sauti inaposhuka.

Nikawaambia mpango wangu. Kwamba Jumapili hii nitamfanyia kipindi cha kumbukumbu, na mwisho nitazirusha dakika zile nne, ili hatimaye asikike. Nilidhani hilo litawafariji. Nadhani kwa kweli nilitaka linifariji mimi.

Mama akasimama. Akasema, "Lile jina ulimpa hadharani. Na hili ulilofanya nenda ukaliseme hadharani." Nikakubali. Kisha akanyoosha mkono akaomba kaseti. Nikamwambia nitampa nakala nzuri, ile yenyewe tuitumie studio kwanza. Akatikisa kichwa. "Ulipewa arobaini na mbili," akasema. "Hii ni ya nyumbani."

Nikaitoa kwenye mashine, nikampa. Akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani. Binti akanipa mkono wakati wa kuondoka. Mama hakunipa, na sikustahili.

Kwa hiyo nimeyasema, mama, kama ulivyoniagiza. Kwako, na kwa binti yako, na kwa wote mliomzika fundi yule, mimi na redio hii tunawapa pole. Poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Siombi mnisamehe kupitia hewani, kwa sababu ombi kama hilo mbele ya watu wote lingekuwa ni kuwalazimisha.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba mfikirie kidogo. Yuko mtu aliyewapa kitu chake akawaamini, nanyi mkakiweka kando mkimwambia bado kidogo. Kama yu hai, mpigieni leo. Mwambieni ukweli wakati bado anaweza kuwagombeza.

Saa yangu hapa ukutani inaonyesha kipindi kimebakiza dakika nne. Nilikuwa nimemtengea yeye. Mkuu wa zamu ameniletea muziki, kwa sababu sisi watu wa redio hakuna kitu tunachokiogopa kama ukimya hewani. Nimeurudisha. Sitaweka muziki, sitaweka tangazo, na mimi sitasema tena. Msiguse redio zenu, hazijaharibika. Hapa ndipo angekuwa anasoma.